Simu moja, watoto watatu: Anti anajibu barua zenu

Toleo lililopita nilitupia mstari mmoja tu pale chini, kwamba anayesumbuliwa na habari za mtoto na simu aniandikie. Jamani, sikujua kama nimechokoza mzinga wa nyuki. Barua zimejaa mpaka kijana wa ofisini akaniuliza Anti kwani umetangaza ajira? Siwezi kuzijibu zote, nimechagua sita, zingine zinafanana.

Kwa wasionijua, kabla sijaanza kuandika hapa nilikaa kaunta ya simu Kariakoo, mtaa wa Aggrey, miaka tisa, nauza simu na kuwatengenezea watu setingi. Wazazi walikuwa wanakuja wananiambia anti niwekee ile kitu ya kuzuia mambo machafu, naweka, baada ya wiki baba mtu anarudi peke yake kwa sauti ya chini, anti itoe tu. Kwaiyo ninayoyaandika hapa mengine nimesoma ila mengi nimeyaona kaunta.

Shikamoo Anti. Niko Tabata Segerea, nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 11, wa kati 8 na mdogo 4. Simu ya tachi ndani ya nyumba ni moja, ya kwangu, baba yao ana kiswaswadu. Wakitoka shule wanaigombania kama mpira wa kona. Niliambiwa nipakue apu ya kuwachunga, nikapakua, ikaniambia nishike simu ya mzazi na simu ya mtoto, sasa simu ya mtoto mi naitoa wapi? Na juzi mdogo yuko kimya anaangalia katuni, mi napika, nikasikia tusi la nguoni linatoka kwenye simu, kukimbilia kuangalia ni katuni kweli ila imewekewa sauti za Kiswahili za matusi. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Umeuliza kitu ambacho hao wanaotoa semina za watoto na mitandao hawakigusi, kwasababu semina nyingi zimetafsiriwa. Hizi apu za kuchunga watoto, kama ile ya Google inayoitwa Family Link iliyotoka 2017, ni nzuri, ni bure, inakuonyesha mtoto katumia nini masaa mangapi, inamfungia simu ikifika saa ya kulala, akitaka kupakua kitu ombi linakuja kwako. Lakini imetengenezwa kwa nyumba ambayo mtoto ana simu yake mfukoni. Huku kwetu mtoto anatumia simu ya mama, yenye WhatsApp ya mama, pesa za mama, grupu la kikoba la mama na mchepuko wa shoga yake mama. Kwaiyo swali letu sisi sio namfungiaje mtoto simu yake, swali letu ni nampaje simu YANGU kwa nusu saa bila kumpa maisha yangu yote.

Anza na hii, dakika tano tu. Simu nyingi za Android kwenye setingi, upande wa usalama, zina kitu cha kubandika skrini. Ukikiwasha unafungua katuni, unaibandika, mtoto hawezi kutoka pale kwenda kwingine mpaka uweke namba ya siri. Hakikisha umechagua iombe namba ya siri wakati wa kubandua, maana bila hiyo mtoto wa miaka minne anatoka, nimeshawaona kwa macho yangu. Kwenye iPhone kinaitwa Guided Access, unabonyeza kitufe cha pembeni mara tatu.

La pili, na hili watu huwa hawaniamini mpaka niwaonyeshe. Uchafu mwingi wanaouona watoto wa Dar haujatoka TikTok, umetoka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mama yao. WhatsApp isipoguswa inajipakulia picha na video zenyewe alafu inazimwaga kwenye galari, we hata hujafungua, mtoto anaingia galari kutafuta picha za birthday anakutana na ajali ya basi na mengine siandiki hapa. Nenda setingi za WhatsApp, kwenye chati zima ile ya kuonyesha picha na video kwenye galari, alafu kwenye hifadhi na data zima kujipakulia. Bando lenyewe litakushukuru. Alafu funga WhatsApp kwa alama ya kidole, na Tecno, Infinix na itel nyingi zina sehemu ya kufunga apu moja moja, funga na ya pesa.

Sasa katuni. Kuna YouTube ya kawaida na kuna YouTube Kids ambayo iko toka 2015. Ile ya watoto imegawanywa, miaka 4 kushuka chini, 5 mpaka 8, 9 mpaka 12, na kuna namna ya nne ambayo mzazi anachagua mwenyewe video zinazoonekana, kisichochaguliwa hakitokei. Kwa huyo wa minne tumia hiyo ya nne. Hizo zingine mashine ndo inachuja, na mimi mashine siiamini linapokuja tusi la Kiswahili, tena lile la kimtaani. Na kama anaangalia kwenye YouTube yako ya kawaida jua kwamba mnachanganyikiwa wote wawili, yeye analetewa unavyoangalia wewe na wewe unaletewa magari ya zimamoto yanayoimba.

Ila nikwambie ninachofanya mimi kwa wajukuu wa dada yangu. Nanunua flashi, naenda kwa wale vijana wa kuingiza nyimbo na muvi, nachagua katuni nazozijua, nachomeka kwenye TV ya sebuleni. Hakuna data, hakuna inayofuata kujileta yenyewe, na sauti inasikika mpaka jikoni. Ile shida yako ya juzi ilikuwa kubwa kwasababu simu ni ndogo na mtoto kainamia, tusi ulilisikia moja, kabla ya hapo yamepita mangapi?

Huyo wa miaka 11 ataanza kukuomba umfungulie akaunti kwa namba yako. Usimfungulie. Mwaka huu mwambie hapana, mwakani mwambie hapana, ntakwambia sababu kwenye barua ya baba wa Chamazi hapo chini.

Anti mambo, mtoto wangu wa kiume miaka 12 kanunua almasi za gemu la bunduki kwa pesa za kwenye simu yangu, elfu thelathini na nane, mara tano tofauti, na namba ya siri sijawahi kumpa. Kaijuaje? Baba wa Kimara

Poa. Namba yako ya siri ni mwaka wake wa kuzaliwa.

Badilisha leo, na kwenye Play Store washa ile ya kuomba uthibitisho kila mtu anaponunua kitu. Na usimwite mwizi, hiyo elfu thelathini na nane kwake ni almasi sio pesa, kwaiyo mpeleke dukani akaone ni kilo ngapi za mchele alafu muanze kukatana kwenye hela ya kutumia shuleni kidogo kidogo mpaka iishe, taratibu asishinde na njaa lakini.

Habari Anti. Mimi ni baba, naishi Chamazi, nafanya kazi ya udereva kwaiyo nyumbani nafika usiku. Binti yangu ana miaka 14 yuko fomu tuu. Mama yake alimpa simu yake ya zamani kwa ajili ya masomo, grupu la darasa na vitu hivyo. Mwezi uliopita kijana wa gereji akanionyesha video, anasema mzee huyu si binti yako? Nikakuta binti anacheza TikTok, ana wafuasi elfu mbili na mia. Niliporudi niliichukua ile simu nikaipiga chini mbele yake. Sasa hivi haongei na mimi, mama yake kanuna, na nimesikia anatumia simu ya rafiki yake akitoka tuisheni. Je nimekosea?

Habari nzuri baba. Umekosea ndio, ila sio pale unapodhania.

Umri kwanza. TikTok wanaruhusu kuanzia miaka 13, Instagram hivyohivyo, WhatsApp hivyohivyo. Binti yako ana 14, kwa kanuni za kampuni hajavunja kitu. Usifikiri kuna daktari alikaa akapima akaona mtoto wa 13 kakomaa. Hiyo 13 imetoka kwenye sheria ya Marekani ya 1998 inayozuia kampuni kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya 13 bila ruhusa ya mzazi, kampuni zikaona usumbufu wa nini, wacha tuseme chini ya 13 haruhusiwi, basi. Ni umri wa makaratasi. Kwaiyo mama wa Tabata akikataa mpaka mtoto afike 14 au 15 asione ni mshamba.

Lakini swali la kumuuliza binti yako ni moja tu, wakati unafungua akaunti uliandika umezaliwa mwaka gani? Naweka dau langu hakuandika mwaka wake. Sababu ni hii. Mwenye miaka 13 mpaka 15 TikTok yenyewe inamfungia akaunti iwe ya faragha toka mwanzo, wamefanya hivyo toka Januari 2021. Video za mtu wa chini ya 16 haziendi kwenye ukurasa ule wa watu wasiomjua, na meseji za inboksi hana kabisa. Laivu mpaka 18. Toka 2023 walio chini ya 18 wamewekewa dakika 60 kwa siku, ingawa hiyo anaweza kuipita. Sasa mtu ambaye video zake hazisambai anapataje wafuasi elfu mbili na mia, na kijana wa gereji kaionaje? Kaandika yeye ni wa mwaka 2001 au 2003, kwaiyo TikTok inamuona ni dada wa miaka ishirini na kitu, inboksi iko wazi, kinga zote zimelala. Hapo ndo penye hatari, kuliko kucheza kwenyewe.

Na simu uliyovunja, baba yangu, akaunti haikai ndani ya simu. Umevunja ile simu moja uliyokuwa na uwezo wa kuiona, akaunti iko palepale, anaingia kwa simu ya rafiki yake ambayo we hujui ina nini na kaka wa huyo rafiki ni nani. Nilikuwa na mteja pale kaunta, mama mmoja wa Ukonga, alivunja simu tatu za mtoto mmoja, ya nne mtoto alinunuliwa na mtu mwingine na mama akaja kujua baada ya miezi saba. Sikutishi. Ndo ilivyokuwa.

Ningekuwa wewe, siku ya mapumziko ningemuita nimwambie simu nimevunja kwa hasira, nimekosea, kuhusu video bado tuna maongezi. Kumuomba mtoto samahani hakukupunguzii ndevu. Alafu mnakaa wote, afute ile akaunti mbele yako bila kelele, mfungue mpya kwa mwaka wa ukweli. Atalia wafuasi wamepotea, muache alie, elfu mbili ni kijiji. Alafu na wewe ufungue TikTok, ndio wewe, kwasababu kuna kitu kinaitwa Family Pairing toka 2020, unaunganisha akaunti yako na ya mtoto, unaweka masaa na unazima vitu. Meseji husomi, na mi naona ni sawa. Akitaka Instagram nako toka Septemba 2024 wameanza kuweka akaunti za vijana, wa chini ya 16 hawezi kulegeza setingi mpaka mzazi akubali, ila yote hayo yanasimama kwenye mwaka wa kuzaliwa, ukidanganya hapo umedanganya kote.

Na video zenyewe kaziangalie bila kununa. Usiangalie kiuno, angalia nyuma yake. Sare yenye nembo ya shule inaonekana? Geti lenu? Duka la jirani lenye jina? Anacheza kila Jumanne saa kumi akitoka tuisheni mahali palepale? Mtu mwenye nia mbaya hahitaji zaidi ya hapo. Hayo ndo ya kumwambia, atakuelewa, maana watoto wakiambiwa "mtandao ni mbaya" hawasikii ila wakiambiwa "hapa umemuonyesha mtu unapopanda daladala" wanashtuka wenyewe.

Anti naomba uniulizie serikali. Mimi ni mwalimu wa msingi Ubungo. Nasikia Australia wamewapiga marufuku watoto kutumia mitandao. Kwanini na sisi tusifanye hivyo tupumzike?

Mwalimu, we unaenda kupumzika wapi. Ni kweli, bunge lao lilipitisha Novemba 2024 na ikaanza kufanya kazi tarehe 10 Desemba 2025. Chini ya miaka 16 huruhusiwi kuwa na akaunti TikTok, Instagram, Facebook, Snapchat, X, YouTube na nyinginezo. Mtoto hafungwi wala mzazi hatozwi faini, anayebanwa ni kampuni, faini inafika dola za kwao milioni 49.5. WhatsApp wameiacha nje, YouTube Kids pia wameiacha.

Mi ninachokipenda hapo ni kumbana mwenye duka badala ya mtoto. Lakini irudishe Mburahati uone. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni chini ya miaka 18, hilo tunalo. Kitambulisho cha taifa ni cha kuanzia 18, laini ya simu ya mtoto imesajiliwa kwa alama za vidole za mzazi, simu ni ya mama, akaunti ni ya mama. Huyo mtoto wa kuzuiwa mtandao utamuona wapi? Utamuona mama wa miaka 34 anayependa sana katuni saa tisa mchana. Bado narudi kwenye ile simu moja, mwalimu, mpaka hapo patengenezwe na sisi wenyewe ndani.

Alafu na nyie walimu kuna kitu. Simu shuleni mnakataza, sawa, jioni mnatuma homuweki kwenye grupu la WhatsApp na mnaweka na lile neno la "mpe mtoto aandike". Mtoto anapewa simu kuandika maswali kumi, anakaa nayo masaa mawili. Andikeni ubaoni.

Anti nisaidie haraka. Mtoto wangu wa kiume miaka 16, Kigamboni. Usiku saa saba kaja kuniamsha anatetemeka. Kuna msichana walikuwa wanachati Instagram wiki mbili, akamtumia picha, na yeye akatuma yake hana nguo. Dakika ileile wakamwambia atume elfu hamsini la sivyo picha inaenda kwa marafiki zake wote, majina wanayo. Katuma, pesa aliyoweka ya mahafali. Sasa wanataka laki na nusu. Nimeficha baba yake asijue. Naomba usiweke jina.

Huyu mama nilimjibu siku ileile, hii haikusubiri gazeti. Naiandika kwasababu kwenye zile barua ambazo sijazichapa kuna nyingine mbili zinafanana na hii, mmoja mzazi anadhani ni mtoto wake peke yake Tanzania nzima.

Nilimwambia kwanza usilipe tena hata mia. Ametuma hamsini, wakamuonea huruma? Wamerudi na laki na nusu. Anayelipa anaandikwa kwenye daftari kama mlipaji. Na huyo "msichana" mara nyingi ni mwanaume, wakati mwingine ni kundi, picha waliyomtumia wameiokota.

La pili msifute chochote. Akili ya mtu inakuambia futa kila kitu funga akaunti, hapana. Piga skrini shoti za ile akaunti na jina lake kamili, meseji zote za vitisho, muda, na namba ya simu waliyosema atumie pesa. Ile namba ni dhahabu, laini za hapa zimesajiliwa kwa alama za vidole, polisi wana pa kuanzia. Ukishamaliza ndo unaripoti akaunti ndani ya Instagram kwenyewe na unablok. Wapigie na mtandao wa simu mapema kuhusu ile pesa, na meseji zao za kudai hela zitume 15040, hiyo ni namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli.

La tatu, na hapa watu wazima wanaharibu. Ile picha ya mtoto usiitume kwa mtu, usimtumie mjomba, usimtumie baba yake "aone mwenyewe", usiweke grupu la familia eti ushahidi. Kuisambaza picha ya uchi ya mtoto ni kosa kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, haijalishi mtumaji ni mama. Iache kwenye simu ile ile, polisi wataiona hapohapo. Nenda kituoni uulizie Dawati la Jinsia na Watoto, wako tofauti na kaunta ya kawaida, huongei mbele ya foleni ya waliopotelewa na vitambulisho. Kama unaona aibu kuanza polisi, piga 116, ni namba ya simu ya kusaidia watoto, bure, mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Kuna huduma nyingine watu hawaijui, inaitwa Take It Down, ya kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na walionyanyaswa, NCMEC, iko toka 2023. Ni kwa picha ya mtu aliyekuwa chini ya 18 ilipopigwa. Picha yenyewe haiendi kwao, simu yako inatengeneza kitu kama alama ya kidole ya ile picha, alama ndo inatumwa, alafu Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat wanaitumia kuizuia ikipandishwa kwao. WhatsApp haiwezi kupekuliwa hivyo, lakini hata hayo yanasaidia mtoto alale.

Na kulala ndo nilikosisitiza zaidi. Nilimwambia usiku huu asilale peke yake, lala naye chumba kimoja hata kama ana miaka 16 na anakuzidi urefu. Watoto wa kiume kwenye hili wanafika mahali pabaya haraka sana na kimya kimya. Usimchape. Usimuulize ulikuwa unafikiria nini, hakuwa anafikiria, ana miaka 16. Na baba yake mwambie, ila mwambie kwanza mwenyewe kabla mtoto hajaingia, apumue, amalize matusi yake huko nje, ndo arudi ndani.

Mama, mtoto alikuamsha saa saba usiku. Kuna utafiti wa UNICEF, Interpol na ECPAT, shirika la kupinga unyanyasaji wa kingono wa watoto, kuhusu Tanzania uliotoka 2022, uliona asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 mpaka 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa unyanyasaji wa kingono wa kimtandao ndani ya mwaka mmoja, na wengi wao hawapeleki kwa polisi wala kupiga hizo namba. Wanaogopa watalaumiwa, na wengine wanaogopa tu kunyang'anywa simu. Wako alikuja. Sijui huko nyuma mlimfanyia nini mpaka akakuja ila msiache. Baba wa Chamazi kama unasoma na huku, hiyo ndo sababu nilikuomba uombe samahani.

Wiki iliyopita aliniandikia tena, wale watu wametishia siku tatu alafu wakakata tamaa. Kijana anakula.

Mwanangu, mimi ni bibi niko Magomeni Mapipa, hii barua naandikiwa na mjukuu mkubwa. Siulizi kuhusu mtoto, nauliza kuhusu mama yake, ambaye ni binti yangu wa tatu. Kila siku anamuweka mtoto mtandaoni. Anaoga kamuweka, amelia kamuweka, kaenda shule siku ya kwanza kamuweka na sare na basi la shule na jina. Nikimwambia ananiambia mama umepitwa na wakati. Ni kweli nimepitwa?

Shikamoo bibi yangu. Hujapitwa, umewatangulia.

Tunakaa hapa tunajadili mtoto asijitangaze, kumbe mtoto wa miaka sita tayari ana picha mia nne mtandaoni na hakuulizwa hata moja. Hiyo ya kuoga aifute leo, zipo akaunti zinaokota picha za hivyo, na hawaziokoti kwa nia njema. Ya sare na basi ndo ileile niliyomwambia dereva wa Chamazi, umempa mtu asiyekujua jina, shule, na muda wa kushuka. Mtu anasimama pale kituoni anamuita kwa jina, mama kanituma nikuchukue, mtoto atakataaje?

Hawezi kuacha kabisa, nawajua, na picha nyingine zinapendeza kweli. Ya birthday aibakize. Aliyelia afute, huyo mtoto atakuwa fomu wani siku moja na wenzake wataitafuta. Status ya WhatsApp achague watu wa kuona, kuna sehemu pale ya kuwatoa ambao hawahusiki, na bodaboda wa mwaka juzi bado namba yake anayo, mwambie aanze na huyo.

Na huyo mjukuu mkubwa anayekuandikia barua, bibi, mwandiko wake mzuri sana. Muulize simu anayotumia ni ya nani.